Mtoto abadilike, au tubadilike sisi?

Wiki iliyopita niliwakusanya wanangu na watoto wa jirani sebuleni tukaangalia filamu ya dakika 39 iitwayo Smile Pinki, iliyompatia Megan Mylan wa Marekani tuzo ya Oscar mwaka 2009. Inamhusu binti mdogo wa kijiji kimoja huko Mirzapur, India, aliyezaliwa na mdomo uliopasuka. (Sisi huuita mdomo wa sungura, wala hatuoni tabu kumpachika mtoto wa binadamu jina la mnyama.) Pinki hasomi, watoto wenzake wanamtenga. Kisha wazazi wake wanapata habari za upasuaji wa bure mjini Varanasi. Anapelekwa, anashonwa, anarudi kwao. Nililia kwa furaha, sifichi.

Na furaha ilistahili. Mdomo huo hupasuka mtoto angali tumboni, katika wiki za mwanzo za mimba, na si kosa la mama. Mtoto hupata taabu kunyonya na kutamka maneno, ilhali tiba ipo. Anayeiweza tiba hiyo akamnyima mwanawe, amemdhulumu.

Lakini filamu ilipokwisha, binti yangu wa miaka sita akaniuliza: “Baba, na yule wa nyumba ya tatu atashonwa lini?” Anamkusudia mtoto wa mtaani kwetu ambaye miguu yake haisimami, anayesukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Nikamjibu kuwa yule hashonwi. “Basi hatacheza na sisi?”

Hapo kitumbua changu kikaingia mchanga. Maana, tukitazama vizuri, waliomtenga Pinki hawakutakiwa kubadilika hata chembe. Aliyelazwa kitandani akapasuliwa ni yeye. Je, haki ya mtoto kukaa na wenzake inaanza siku anapofanana nao? Tiba ni haki yake, sawa. Lakini tumeigeuza kuwa tiketi, na asiye na tiba tunamwacha nje ya geti huku tukimwonea huruma.

Mwaka 2010 tuzo hiyohiyo ilikwenda kwa Music by Prudence, filamu ya Prudence Mabhena wa Zimbabwe, aliyezaliwa na maradhi yanayokaza viungo. Huyo hakuna wa kumshona. Alisoma Bulawayo, katika shule ya King George VI ya watoto wenye ulemavu, na huko likazaliwa kundi la muziki, Liyana, yeye akiwa mwimbaji wake. Mwili ulibaki vilevile, mahali ndipo palipokuwa tofauti. Ingawa hata hapo nina neno: ni shule ya peke yao.

Nirudi mtaani. Mtoto wa nyumba ya tatu ana miaka minane na hajaanza madrasa. Jengo letu lina ngazi tano. Mwaka juzi tulizibandika vigae, vizuri kabisa, na daftari la michango nililishika mimi. Hakuna aliyetaja habari ya kujenga njia ya mteremko, na mimi pia sikuitaja.