Begi la Kilo 11

Lenzi ile ilikuwa yangu. Naanza hapo kwa sababu nimesikia kisa hiki kikisimuliwa mtaani kana kwamba kosa lilikuwa la kijana peke yake, na si kweli. Usiku wa kufunga mizigo nilikuwa nimekaa pembeni mwa kitanda chake, na mkono uliompa lenzi ya milimita 70 hadi 200 ulikuwa huu wangu.

Kijana mwenyewe, ambaye sitamtaja jina kwa kumstahi mama yake, ni mpiga picha wa harusi hapa Dar es Salaam, na kazi anaijua. Alidunduliza miaka mitatu ampeleke mama yake Italia: siku kumi, Roma, Florence na Venice. Mama ni muuguzi mstaafu, Mkatoliki wa tangu utotoni, na Roma alikuwa akiiwaza tangu siku za katekisimu. Safari ilikuwa ya mama. Lakini ungeingia chumbani usiku ule ungedhani inayosafiri ni studio.

Kitandani palikuwa na kamera mbili kubwa, kila moja karibu kilo moja pamoja na betri yake. Palikuwa na lenzi pana ya 16 hadi 35, ile ya 24 hadi 70 anayofanyia kazi kila Jumamosi, na ya 85 ya kupigia sura. Halafu flashi, chaja mbili, betri nne za akiba, na stendi ya miguu mitatu yenye kilo mbili na ushee. Kila nilipogusa kitu nikauliza hiki cha nini, jibu lilikuwa lile lile: "Je, nikikihitaji?"

Swali hilo ndilo lililomlea mpiga picha wa harusi. Bibi harusi haingii kanisani mara mbili, na kamera ikizima katikati ya viapo huna pa kujificha. Ndiyo maana tunabeba kila kitu viwili viwili, na tunafanya vyema. Ila likizo haina bibi harusi. Hakuna aliyekulipa, hakuna atakayekudai, na mnara uliokushinda leo utaukuta kesho pale pale ulipokaa miaka mia tano. Hayo ndiyo niliyopaswa kumwambia. Badala yake nilifungua mkoba wangu, nikatoa lenzi yangu ya kilo moja na nusu, nikamwambia, "Chukua na hii, kwa ajili ya zile sanamu zilizo juu ya nguzo za Mtakatifu Petro."

Uwanja wa ndege mizani ikasoma kilo 11. Shirika walilosafiri nalo liliruhusu kilo 7 tu za mkononi, na si hilo peke yake lenye kipimo hicho. Tukapiga magoti sakafuni, tukafungua masanduku mbele za watu. Sanduku la kijana lilikuwa limeshajaa, kwa hiyo stendi, flashi, chaja na lenzi yangu vikaelekezwa kwenye sanduku la mama. Alitaka kutumbukiza na betri za akiba humo humo. Dada wa kaunta akamzuia. Betri za lithiamu zisizo ndani ya chombo hubebwa mkononi, kwa sababu zikigusana na chuma zikawaka moto kule chini kwenye mizigo, hakuna mtu wa kuufikia. Hilo ni sharti la usafiri wa anga dunia nzima, nami nilikuwa nikilijua bila kulikumbuka.

Sanduku la mama nalo likazidi uzito. Hakunung'unika. Akachomoa viatu vyake vya raba, vile vyeusi vya soli laini alivyozoea kuvaa wodini zamu za usiku, akanikabidhi. "Nishikie hivi, baba. Hivi nilivyovaa vinatosha."

Alivyovaa vilikuwa vya ngozi, vya kwendea kanisani. Nilirudi nyumbani na viatu vya mama mapajani, nimevikumbatia ndani ya daladala, na hata wakati huo sikuelewa nimebeba nini.

Mengine nilisimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na masimulizi yao hayapishani.

Roma, kwenye Makumbusho ya Vatikani, stendi ilikataliwa mlangoni. Begi nalo lilikuwa kubwa mno. Vyote vikaachwa chumba cha mizigo, akaingia na kamera mbili shingoni. Walitembea zile korido ndefu hadi Kanisa la Sistina, na pale kupiga picha ni marufuku, iwe kwa kamera au kwa simu. Mama akapata nafasi kwenye benchi la ukutani, akainua uso kuitazama dari ambayo Michelangelo aliichora kati ya 1508 na 1512. Mwanawe alisimama kando, mkanda wa kamera ukimkata shingo, akihesabu dakika.

Kutoka Sistina, makundi yenye kiongozi wakati mwingine hupitishwa mlango wa upande unaoshukia moja kwa moja Basilika la Mtakatifu Petro. Kundi walilotembezwa nalo lilipitishwa huko. Yeye hakuweza, vitu vyake vilikuwa vimebaki ule mwisho mwingine wa makumbusho. Akarudi mbio, akachukua begi na stendi, akauzunguka ukuta wa Vatikani kwa miguu, akapanga foleni ya ukaguzi uwanjani kwenye jua. Saa nzima na zaidi. Mama alivuka kizingiti alichokiwaza tangu akiwa binti wa katekisimu, na hakuwa na mtu wake pembeni. Kijana alimkuta mbele ya Pietà, ile sanamu ya Bikira Maria aliyempakata Mwanawe, iliyowekewa kioo tangu mtu alipoipiga nyundo mwaka 1972. Mama alikuwa ameshalia na ameshanyamaza.

Picha ya machozi yale haipo. Sisemi angepaswa kuipiga. Nasema hakuwapo.

Venice ndiko viatu vilikotoa hukumu. Mji ule hauna magari. Una mifereji, na madaraja zaidi ya 400, mengi yao ya ngazi, unapanda na kushuka, unapanda na kushuka. Mama wa miaka sitini na saba akiwa na soli ngumu juu ya mawe yaliyolainishwa na nyayo za karne nyingi huhitaji kitu kimoja tu, mkono wa kushikia. Mkono wa kulia wa mwanawe ulikuwa na stendi. Wa kushoto ulizuia kamera zisigongane. Kila walipofika darajani mama alijishikiza ukingoni, na palipokosekana ukingo alijishikiza ukutani.

Jioni ya pili walifika kwenye daraja la mbao la Accademia. Kutoka juu yake unaliona kanisa la Santa Maria della Salute na makuba yake kwenye mdomo wa Mfereji Mkuu, na kila mpiga picha anayefika Venice huitaka sura hiyo wakati mbingu inapogeuka samawati. Mama akatazama zile ngazi, akaketi kwenye kiwanja kidogo chini ya daraja. "Nenda, mwanangu. Nitakungoja hapa hapa."

Hapa kuna jambo ambalo sisi wa karibu na Ikweta lazima tulijue kabla ya kusafiri. Dar es Salaam mwezi wa Juni jua huzama saa 12 na robo jioni hivi, na ndani ya nusu saa giza limeshika. Mwanga mzuri kwetu ni wa kugombania. Ukifunga lenzi vibaya umeukosa. Kijana alipanda daraja na haraka hiyo ya nyumbani. Lakini Venice mwezi ule jua huzama saa 3 usiku, tena huzama kwa mshazari, na samawati yake hukaa. Akapiga, mbingu ikazidi kupendeza. Akabadili lenzi, ikazidi tena. Kila alipotaka kukunja stendi aliona dakika inayofuata itakuwa bora kuliko iliyopita, na kweli ilikuwa bora. Aliposhuka ilikuwa karibu saa 4. Alikuwa juu tangu saa 2.

Mama alikuwa amevua viatu. Visigino vyote viwili vilikuwa vimechubuka, na mama mmoja mwenyeji, muuza aiskrimu wa jirani, alikuwa amemletea maji na kitambaa. Walikuwa wakicheka pamoja bila kuwa na lugha ya pamoja. Yule mama alichukua simu ya mama wa kijana, akampiga picha akiwa ameketi, miguu peku, viatu kando, taa ya kiwanja ikimwangukia ubavuni.

Waliporudi kijana aliniletea diski nichambue naye. Picha 3,812. Picha ya dijitali hubeba kumbukumbu zake ndani yake, kuanzia lenzi na milimita hadi saa iliyopigwa, na programu ya kupanga picha hukuhesabia kwa dakika moja. Tukahesabu. Lenzi yangu, ile iliyokaa mahali pa viatu, ilipiga 46. Ya 85 haikutoka begini. Flashi haikuwaka hata mara moja, kwa kuwa kila alikotaka kuiwasha ilikuwa imekatazwa. Zaidi ya nusu ya picha zote zilikuwa karibu na milimita 35, yaani lenzi moja ndogo ya gramu mia tatu hivi ingezipiga.

Mama alikuwamo kwenye picha 14. Nyingi alikuwa kwa mbali, amewekwa ili mtazamaji aone ukubwa wa jengo. Alipoomba moja ya kutundika sebuleni, tulitafuta jioni nzima, kisha kijana akainamisha kichwa mezani. Iliyotundikwa ni ile ya muuza aiskrimu.

Tangu siku hiyo, mtu akija kuniuliza abebe nini, simjibu kwanza. Namwomba afungue picha zake za mwaka uliopita, zile za nyumbani na za safari ambazo hakulipwa, ahesabu mwenyewe ni milimita ngapi jicho lake hupenda. Karibu kila mara majibu hukusanyika sehemu moja. Hapo ndipo pa kufungia begi: kamera moja, na lenzi ya mahali pale. Ndani ya makanisa mna giza, ni kweli, lakini dawa yake ni lenzi yenye tundu la f/1.8 au f/2 na ISO ya 3200, ambayo kamera za leo huistahimili bila shida. Stendi haisaidii mahali isipoingia, na haiingii Makumbusho ya Vatikani, haiingii Uffizi ya Florence, haiingii Louvre ya Paris. Prado ya Madrid hawaruhusu kamera ya aina yoyote mbele ya michoro. Huko utakuwa na macho yako tu, na mtu uliyekwenda naye.

Huwa nawasimulia pia habari za Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani. Alipenda kupiga picha akitembea misituni, lakini alikuwa na pumu, na kamera aliyokuwa nayo ilikuwa sanduku lenye vioo vizito. Kufikia 1914 alikuwa ameunda kamera ndogo ya kutumia filamu ya sinema, milimita 35. Ikaingia sokoni mwaka 1925 kwa jina la Leica. Kifua kisichoweza kubeba ndicho kilichotupa Leica. Na Henri Cartier-Bresson, aliyeishika Leica hiyo kwa miongo mingi, karibu kazi yake yote aliifanya kwa lenzi ya milimita 50. Mwaka 1932, nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare huko Paris, aliipenyeza kwenye upenyo wa uzio akamnasa mtu akiruka maji yaliyotuama, kisigino kikiwa bado hakijayagusa. Nikiitazama picha ile siwazi lenzi nyingine ambayo ingemfaa.

Desemba iliyopita kijana alisafiri tena, Paris, safari hii na mkewe. Alikuja kwangu na mzani mdogo wa kuning'iniza mizigo. Kamera moja, lenzi ya 35, betri mbili za akiba zilizofunikwa ncha kwa utepe, chaja, kadi tatu. Nikamwongezea adapta ya pini mbili za mviringo, kwa sababu plagi yetu ya pini tatu hutumika Uingereza lakini Ufaransa haiingii. Nikamkumbusha kwamba majira hayo jua la Paris huzama kabla ya saa 11 jioni, kwamba betri hunywea kwa baridi na mahali pake ni mfuko wa ndani wa koti, na kwamba akitoka barabarani kuingia kwenye joto asilifungue begi mpaka kamera nayo ipate joto, la sivyo kioo kitatokwa jasho. Mzani ukasoma kilo moja na gramu 700. Lenzi yangu ilikuwa kabatini, na hakuna kati yetu aliyeitazama.

Mama yake alikuja kuwaaga usiku ule, amevaa vile vya raba. Aliwabariki mwanawe na mkwewe, akaketi, akalitazama begi dogo mlangoni, kisha akaliangalia sanduku.

"Viatu vya mke wako viko wapi?"

Kijana akapiga magoti, akafungua zipu, akamwonyesha.