Haki ya Jirani Katika Hewa

Mafakihi wa Kiislamu wa zamani, na hasa wale wa madhehebu ya Maliki katika miji ya Maghribi, walishughulika mno na kesi za moshi wa matanuri na hamamu, wakipima ni wapi mamlaka ya mtu juu ya milki yake yakomea na haki ya jirani yaanzia. Hukumu zao ziliwezekana kwa kuwa moshi waonekana na harufu yasikika, na kadhi aliweza kutuma waaminifu wakashuhudia. Je, dhara lisiloonekana wala kunukia lihukumiwe kwa ushahidi wa nani?

Huko Rodeo, mji mdogo wa California nchini Marekani, mwaka 1994, kiwanda cha Unocal cha kusafisha mafuta kilivujisha kemikali iitwayo Catacarb kwa siku 16, na majirani waliougua hawakuwa na bayana ya kuonyesha ila miili yao wenyewe. Katika mapatano yaliyofuata walidai, wakapewa, mitambo ya kusimamishwa mpakani mwa kiwanda, yenye kupitisha hewani mchana na usiku mwali wa infraredi, nuru ile aliyoigundua William Herschel mwaka 1800 alipoweka kipimajoto nje ya rangi nyekundu ya mwanga wa jua, pasipoonekana kitu, akakuta joto limezidi. Kila gesi iunyonyayo mwali huo huunyonya kwa namna yake, methani kwenye urefu wa wimbi wa mikromita 3.3 hivi, monoksidi ya kaboni kwenye 4.6, hata hesabu za Fourier, zichambuazo mawimbi, zikaitambua kila moja mfano wa karani atambuaye mwandiko.

Hapo ndipo penye mas'ala yenyewe. Klorini, ambayo ni sumu kali, haiunyonyi mwali huo hata kidogo, kwa kuwa molekuli yake ni atomi mbili zilizo sawasawa. Benzeni huonekana kwa udhaifu, ndiyo maana huko Rodeo iliongezwa nuru ya urujuani-mno. Na ukungu mzito ukitanda, mwali hufifia kabla haujafika. Shahidi mwadilifu akinyamaza juu ya jambo asilojaaliwa kuliona, kimya chake hakimtakasi mshitakiwa.

Najua ya kuwa kanuni ya fikihi yaiacha dhima ya mtu katika usafi wake mpaka bayana isimame, nami naiheshimu, maana imewakinga wanyonge wengi na dhuluma ya wenye kusingizia. Lakini siamini kwamba iliwekwa ili aitumie yule ambaye peke yake ndiye ajuaye kinachopita katika mabomba yake, dhidi ya mama asiyejua ila kwamba mwanawe anakohoa. Mwenye maarifa ndiye mwenye kubeba mzigo wa kuthibitisha, na kikohozi cha mtoto huyo kisikilizwe hata siku ambayo karatasi ya mtambo ni nyeupe.

Sheria ya Marekani ya mwaka 2015 ilielekea huko, ijapokuwa kwa benzeni tu na kwa mirija midogo ya kukusanyia hewa badala ya nuru: viwanda vya kusafisha mafuta viliagizwa kupima mipakani mwao, na wastani wa mwaka wa ziada itokayo kiwandani ukipita mikrogramu 9 kwa mita moja ya ujazo, mwenye kiwanda, wala si jirani, ndiye alazimikaye kutafuta chanzo na kukiondoa.