Kuwa na Kitu na Kukifaidi

Watu wengi hudhani ya kuwa kumiliki kitu na kukifaidi ni jambo moja. Husema, "Kitu ni changu, basi na raha yake ni yangu." Neno hili lina sura ya kweli, walakini likipimwa sawasawa huonekana pungufu. Mtu aweza kuwa na bustani asijue harufu ya ua lake hata moja. Na mwingine asiye na bustani hupita njiani, akanusa, akaenda zake na furaha. Kwa hiyo, msomaji, na tuulize: Umiliki humpa mtu nini hasa, na raha hutoka wapi? Mfano utakaotuongoza ni vile vipokezi bora vya zamani vya redio ya FM, ambavyo leo hutafutwa na kutunzwa na wapenzi wa muziki huko Marekani, Ulaya na Japani.

Yafaa kwanza tukijue chombo chenyewe. Redio ya AM huchukua sauti kwa kubadili nguvu ya wimbi. Radi nayo huigusa nguvu hiyo. Ndiyo sababu wakati wa ngurumo redio ya namna hiyo hukwaruza. Mwaka 1933 mhandisi wa Marekani, Edwin Howard Armstrong, alipewa hati za haki ya uvumbuzi kwa njia nyingine: nguvu ya wimbi iachwe ilivyo, na ibadilishwe idadi ya mitetemo yake kwa sekunde. Kipokezi hukata mabadiliko ya nguvu, na pamoja nayo hukatika sehemu kubwa ya makelele. Hivyo sauti hufika safi, kama maji yaliyochujwa.

Mafundi wakashindana kuitumia njia hiyo kwa ustadi. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Marantz ilitoa kipokezi kilichoitwa 10B, kilichobuniwa na Richard Sequerra. Kilitumia zile taa ndogo za kioo zilizokuwa katika redio kabla ya transista, nacho kilikuwa na kioo kidogo mfano wa televisheni, kilichoonyesha kwa mstari wa nuru jinsi wimbi linavyopokelewa. Kazi ya kukibuni iligharimu fedha nyingi hata ikailemea kampuni, na mwaka 1964 Saul Marantz akaiuza kwa kampuni ya Superscope. Mwaka 1972 kampuni ya McIntosh ikatoa kipokezi chake, MR 78, kilichosifiwa kwa kutenga kituo dhaifu kilicho jirani sana na kituo chenye nguvu.

Huenda ukauliza, "Je, redio ndogo ya mkononi haitoi maneno yale yale? Ya nini basi gharama hii?" Swali lako ni la haki. Anayetaka kujua habari za mvua au bei ya mahindi hutoshelezwa na redio ndogo, wala hapungukiwi na kitu. Lakini muziki ni zaidi ya maneno. Mna ndani yake pumzi ya mwimbaji kabla hajaanza, na mlio wa uzi unaofifia polepole hata kimya. Kupenda kusikia mambo hayo si anasa tupu. Ni kumheshimu mwimbaji aliyejifunza kwa taabu, na fundi aliyekesha ili sauti ile isipotee njiani.

Kosa huanza pale chombo kinapopendwa kuliko kazi yake. Hapo mtu hukusanya vipokezi kumi, akavipanga rafuni, akajua bei ya kila kimoja sokoni, wala asikumbuke ni lini alipoketi kusikiliza wimbo mmoja hata mwisho. Vyombo ni vyake, lakini raha yake hana. Mlinzi wa usiku mwenye redio moja ya betri, asikilizaye kwa moyo wake wote, amemshinda utajiri. Umiliki, basi, humpa mtu nafasi ya kufaidi. Kufaidi kwenyewe huja kwa kutega sikio, na sikio halinunuliwi.

Tena liko jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Kipokezi cha namna hii peke yake ni bubu. Hakina spika, hutaka amplifaya ya kukuza sauti na antena ya kunasa mawimbi. Hata vikikamilika vyote hivyo, chombo hakiumbi wimbo hata mmoja. Hungoja watu wasiojulikana na mwenye nacho: mwimbaji, mtangazaji, fundi wa mitambo, na wote wanaolipia kazi yao. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kipokezi kimoja hakifanyi redio.

Mambo yaliyopita yanatushuhudia. Mwaka 1945 tume ya serikali ya Marekani iliamua kuihamisha FM kutoka mawimbi yake ya kwanza kwenda mawimbi ya juu zaidi, na redio za FM zilizokwisha kununuliwa zikakosa kazi, ingawa hazikuwa na kasoro. Mwaka 2017 nchi ya Norwei ilizima FM ya vituo vyake vya taifa na kuingia katika njia ya dijitali, ikiviachia FM vituo vidogo vya mitaani. Mwishoni mwa mwaka 2024 shirika la utangazaji la umma la Uswisi likafanya vivyo hivyo. Mfikirie mwenye kipokezi kizuri siku hiyo. Hakuna mwizi aliyeingia nyumbani mwake. Chombo ni chake kama jana, kinang'aa kama jana. Lakini afunguapo pale alipozoea kusikia tamasha, husikia mvumo mtupu. Kumbe sehemu kubwa ya mali yake ilikuwa nje ya nyumba yake, mikononi mwa wengi.

Je, ana haki ya kulalamika? Ana haki ya kusema, kama raia yeyote. Lakini hana haki ya kudai wengi walipie mitambo miwili kwa ajili ya starehe yake. Lililo wajibu wake, na wetu pia, ni kutambua mapema deni lake: kusikiliza kituo kingali hai, kukisaidia awezapo, na kualika jirani asiye na chombo aje asikie. Sauti haipungui kwa kusikiwa na masikio mengi.

Wewe, msomaji kijana, huenda huna kipokezi cha namna hii, wala huenda hutakipata maishani. Lakini una kitabu, una kalamu, una kiti darasani. Kila kimojawapo kina jina lako juu yake na kazi ya wengi ndani yake. Ukikihesabu tu, una mzigo. Ukikitumia kwa makini na shukrani, una mali.