Haki ya Anayekuja Mbele

Nuru ya taa yangu ikishatoka kwenye gari langu na kuingia jichoni mwa mtu nisiyemjua, bado ni yangu? Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Mombasa, na swali hili limekuwa nami tangu nianze kushika waya. Datsun 240Z moja ndiyo iliyonifanya nikae chini niliandike.

Gari la aina hiyo lina heshima yake huku kwetu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nalo tena akiwa na Lofty Drews. Zama hizo barabara hazikufungwa kwa ajili ya mashindano. Anayewania ubingwa alikutana uso kwa uso na basi la abiria, na mchungaji na ng'ombe wake, na mkulima anayerudi sokoni, na wote walikuwa na haki ya kupita.

Kijana aliyeniletea gari lake alilirithi kwa ami yake. Injini ya silinda sita ilikuwa nzima, rangi imepigwa upya, viti vimeshonwa vizuri. Malalamiko yake yalikuwa mbele, kwenye zile taa mbili za mviringo za inchi 7 zilizozama ndani ya bodi. "Fundi, hizi si taa, ni mishumaa," akaniambia. "Zitoe, unitilie LED kali kuliko zote. Nataka kwenda Nairobi usiku."

Nilianza kwa kumpa haki yake, maana alichosema kuhusu udhaifu wa taa ni kweli tupu. Katika gari hilo umeme wa taa hauendi moja kwa moja. Unatoka kwenye betri, unapita ndani ya dashibodi, unaingia kwenye swichi iliyo chini ya usukani, kisha unarudi mbele kwa waya mwembamba wenye umri wa zaidi ya miaka 50. Nilipima. Injini ikinguruma, betri ilisoma volti 14. Kwenye soketi ya taa nikapata 11.8. Mtu asiyejua atasema volti mbili si kitu, lakini mwanga wa globu ya uzi hushuka kwa kasi kuliko volti: ukipoteza asilimia 10 ya volti, umepoteza kama asilimia 30 ya mwanga. Kwa vipimo vya gari hili, karibu nusu ya mwanga ilikuwa inapotea, na volti zilizokosekana zilikuwa zinaishia njiani, ndani ya swichi na waya, zikigeuka joto. Niliifungua swichi nikamwonyesha plastiki iliyokwisha kuanza kuyeyuka.

Kuiacha taa katika hali hiyo ni kosa, na sisemi hivyo kwa kutaka kazi. Kuanzia Mariakani hadi Voi na kuendelea, kwenye njia ya Nairobi, usiku ukiingia, kuna watu kando ya lami: mwenye baiskeli na magunia ya makaa, mama na mtoto mgongoni, vijana waliovaa nguo nyeusi. Mwenye gari lisiloona mbele ameyabeba maisha ya watu hao bila ridhaa yao. Kwa hiyo kuzitengeneza taa dhaifu ni wajibu kwa mwenye kusafiri usiku, wala mtu asihesabu kuwa ni pambo. Hapo mimi na kijana tulikubaliana kabisa. Tulitofautiana kwenye neno lake la "kali kuliko zote".

Katika hadithi aliyoisimulia Abu Said al-Khudri, iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwakataza masahaba kukaa njiani. Walipomweleza kwamba hawana budi, hapo ndipo wanapozungumzia mambo yao, akawaambia basi waipe njia haki yake. Wakataka kuijua haki hiyo. Akataja kuinamisha macho, kujizuia kuwaudhi watu, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Najua wanazuoni wanaeleza kuinamisha macho kwa maana ya kujizuia na yasiyo halali kutazamwa, na sidai kwamba maneno yale yalikusudia taa za gari. Ninachokiona ni kwamba njia imepewa haki, na kwamba mwenye haki hiyo ni mpita njia yeyote. Hakuulizwa dini yake wala jina lake. Dereva anayeshusha fulu akaweka dimu kwa ajili ya lori linalokuja anamtendea wema mtu ambaye hatamwona uso maishani. Sijui ibada ya barabarani iliyo safi kuliko hiyo, kwa sababu haina shahidi wala malipo.

Sasa ishike globu ya H4, ile ya taa za mbele yenye fulu na dimu pamoja, kwa kitambaa maana mafuta ya vidole huiharibu, uitazame kwa karibu. Ndani mna nyuzi mbili. Chini ya uzi wa dimu pana kikombe cha chuma kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kikombe hicho kinauzuia mwanga usifike nusu ya chini ya kioo cha kuakisi kilicho nyuma ya globu. Unapiga nusu ya juu peke yake, na ukirudi unaelekea chini, barabarani. Hivyo ndivyo unavyopatikana ule mstari: chini yake nuru, juu yake giza, na katika giza hilo ndimo yalimo macho ya anayekuja. Nikikitazama kikombe kile naona kwamba yule aliyebuni globu alimfikiria mtu mwingine kabla hajamaliza kazi yake.

LED ya kuchomeka kwenye kioo cha H4 haina uzi. Ina vidoa vya mwanga vilivyobandikwa pande mbili za kipande cha chuma, na visipokaa pale pale uzi ulipokuwa, mstari unavunjika na mwanga unapanda juu. Mwenye gari hajui. Yeye anaona weupe mwingi mbele yake na anafurahi. Anayeumia yuko upande wa pili.

Kijana hakuwa mtu wa kunyamaza. "Na wao je?" akaniuliza. "Kila gari ninalopishana nalo linaniwashia LED usoni. Niumie mimi peke yangu?" Hili ndilo swali gumu, na sikulichukulia kwa wepesi, kwa sababu maumivu yake ni ya kweli. Lakini fiqhi ina kanuni kubwa inayomkataza mtu kudhuru, na ndani yake mna katazo la pili, la kulipiza madhara kwa madhara. Tena huyo unayemlipiza siye aliyekuumiza. Aliyekuumiza ameshapita, yuko kilomita kadhaa nyuma yako. Unayemmulika sasa ni dereva mwingine, na kando yake anatembea yule mama na mtoto wake. Dereva huyo akipofuka kwa sekunde chache, wa kugongwa ni mama. Taa kali uliyoitia ili umwone mpita njia wa upande wako imemficha mpita njia wa upande wa mwenzako. Kwa sababu hii siwezi kukubali hoja kwamba usalama wangu unanipa ruhusa ya mwanga usio na mpaka.

Imam al-Ghazali aliandika katika Mishkat al-Anwar kwamba nuru ikizidi ukali huweza kuwa yenyewe ndiyo pazia. Alikuwa akizungumzia mambo makubwa kuliko haya yangu, lakini kila anayesafiri usiku amelionja jambo hilo machoni.

Wapo pia wapenzi wa magari ya kale wanaotaka kila kitu kibaki kama kilivyotoka kiwandani. Nawaheshimu, ila nawakumbusha kwamba H4 ilianza Ulaya mwaka 1971, mwaka uleule Herrmann alipoishinda Safari kwa gari la aina hii, na waya za rilei, yaani swichi ya umeme inayopeleka nguvu ya betri moja kwa moja kwenye taa, huchomekwa bila kukata hata waya mmoja wa asili.

Tulifanya hivi. Nilifunga rilei mbili, waya mnene kutoka betri pamoja na fyuzi zake, na swichi ya zamani ikabaki kuamrisha rilei tu. Globu ni H4 za wati 60 na 55. Vioo vya taa alivyonunua kijana mtandaoni nilivikataa: vilitengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia, na mwanga wake hupanda upande wa kulia, ambako kwetu ndiko anakokuja mwenzako. Tulitafuta vya kuendesha kushoto. Nilipopima tena, soketi ilisoma 13.6, na kijana mwenyewe akakiri kwamba haoni haja ya zaidi.

LED za kuchomeka kwenye vioo vya H4 mimi sifungi, hata kwa malipo maradufu, na naomba mafundi wenzangu wakatae pia. Nawe msomaji mwenye gari, la kale au jipya, kabla ya safari yako ijayo ya usiku liegeshe pahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, uwashe dimu. Mstari wa mwanga unatakiwa uwe chini ya kimo cha taa zako kwa sentimita 10 hivi. Ukiwa juu ya hapo, usiondoke mpaka fundi ameushusha.