Kanzu ya Hana

Ndugu zangu mnaowasomesha watoto wenu nyumbani, leo neno langu ni lenu, na hasa wewe uliye na kijana wa miaka 17 mezani pako. Ulimfundisha kusoma ukimwongoza herufi kwa herufi kwa kidole chako mwenyewe. Ulijifunza upya hesabu za sehemu, ulizozisahau tangu darasa la sita, ili umweleze yeye. Majirani walikuuliza kama umekosa karo. Jamaa waliuliza kama kuna unachomficha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 haikukuachia njia iliyonyooka, na suala la masomo ya nyumbani limefika hadi Mahakama Kuu ya Kenya. Ulivumilia yote hayo kwa upendo. Sasa barua ya chuo kikuu iko njiani, nami nakusihi: weka chaki chini.

Mtazame Hana, mama yake Samweli. Alimlilia Mungu apate mtoto hata kuhani akadhani mama huyu amelewa. Na alipompata, hakumkimbiza Shilo, penye nyumba ya Bwana. Mumewe Elkana alipopanda na jamaa yake kwenda kutoa dhabihu ya mwaka, Hana alibaki nyumbani na mtoto mpaka amwachishe ziwa. Tulia hapo kidogo, mama. Mwanamke huyu alijua kuna kazi ambayo sharti ifanywe nyumbani kwanza, na hakukubali kuharakishwa na msafara wa mtu yeyote. Ni dada yako huyo. Lakini alipomwachisha, alimwachisha kweli. Akachukua ng'ombe, unga na kiriba cha divai, akampandisha mtoto Shilo, akamkabidhi, kisha akarudi kwao Rama. Hakutafuta nyumba ya kupanga karibu na hekalu.

Na alimkabidhi kwa nani? Tunasoma haraka, tukidhani Shilo palikuwa pahali pa utulivu na utakatifu. Sivyo! Hofni na Finehasi, wana wa kuhani, walikuwa wakimtuma mtumishi na uma wa meno matatu, auchovye chunguni na kubeba nyama ya sadaka ya watu. Walilala na wanawake waliohudumu mlangoni. Baba yao Eli alikuwa mzee, macho yake yanafifia, na aliwakemea bila kuwazuia. Hapo ndipo Hana alipomwacha mwanawe. Hakungoja Shilo ifagiliwe kwanza. Basi wewe unayesema utampeleka chuo siku utakapopata chenye hosteli tulivu, komredi wasioandamana na wahadhiri wote waombaji, utangoja mpaka mwanao aote mvi.

Nawaambieni upungufu mkubwa wa watoto wetu, na wala sio ule wanaousema majirani. Wanajua kusoma. Wanajua kuomba. Wengi wanaongea na wazee vizuri kuliko wenzao waliopitia bweni. Kinachowapungukia ni hiki: hawajawahi kufundishwa na mtu asiyewapenda. Mtoto aliposhindwa na swali, ulingoja. Alipoamka na homa, mtihani ulihamishwa hadi Alhamisi. Aliponuna, ulijua sababu kabla hajafungua kinywa. Kule aendako kuna ukumbi wenye mamia ya wanafunzi na mhadhiri asiyejua jina lake. CAT, yaani mtihani mfupi wa kati ya muhula, itatangazwa usiku kwenye kikundi cha WhatsApp na kufanywa kesho yake asubuhi, na katika vyuo vyetu vingi CAT na kazi za muhula hubeba alama 30 kati ya 100. Atakayechelewa hatangojwa. Na kuna siku atafungua matokeo yake akute alama za somo zima hazimo, kana kwamba hakuufanya mtihani. Itambidi aende ofisi hii, aambiwe nenda ile, arudi kesho, arudi tena, kwa adabu lakini bila kuchoka, akiwa na nakala ya kila karatasi mkononi. Nani amemfunza kusimama mbele ya dirisha la karani na kudai haki yake, iwapo kila mara wewe ndiwe uliyemsemea?

Nalikiri kosa langu mbele yenu. Binti yangu wa kwanza alipoingia chuo, nilimpigia simu kila alfajiri kumwamsha. Muhula mzima! Nilijiona mama mwema. Asubuhi moja stima ilikuwa imepotea kwetu tangu jana yake, simu yangu ikawa imezima, na mtoto akalala mpaka saa nne. CAT ikampita. Alilia akiniuliza mbona sikupiga, nami nikaona nilichokifanya: nilikuwa nimemhamisha yeye na mablanketi yake, lakini saa yake nilikuwa nimebaki nayo.

Tubuni pamoja nami, na mtubu mapema, kijana angali nyumbani, ambapo kuanguka ni kwa kimo kifupi. Mwaka huu mtafutie mwalimu mgeni: wa kompyuta, wa udereva, wa kwaya, fundi wa gereji akipenda vyuma. Asahihishwe kwa kalamu nyekundu ya mtu asiyemjua mama yake. Akirudi amevunjika moyo, mpe chai, lakini usichukue simu kumpigia mwalimu huyo.

Makaratasi yawe yake pia. Akifika miaka 18, apange foleni ya kitambulisho mwenyewe. Kama atafanya mtihani wa KCSE akiwa mtahiniwa wa kibinafsi, yeye ndiye atakayeulizia kituo na tarehe ya mwisho ya kujisajili. Kama ana cheti cha mtaala wa nje, aulize sasa, wala si wiki ya kuripoti, kitatambuliwa na kulinganishwa vipi, kwa sababu mlango wa shahada hapa kwetu ni gredi ya C+ katika KCSE na mwenye cheti cha kigeni hupaswa kuonyesha kwamba chake kinatosha. Kwenye tovuti ya KUCCPS ya kuchagulia kozi za chuo, vidole viwe vyake. Na fomu ya HELB aisome mstari kwa mstari, kwa sauti, mpaka neno mkopo limwingie. Vijana wetu wangapi wamezipokea pesa hizo kama zawadi, wakazimaliza kwa viatu na kubeti kabla ya wiki ya tatu?

Pesa ndizo zinazonitia hofu zaidi. Tarehe moja mtumie kwenye simu yake pesa za mwezi mzima za nauli, sabuni, bando na chakula cha mchana. Akizimaliza tarehe tisa, usiongeze. Githeri ya nyumbani ipo, hatakufa. Ila hizo wiki tatu za kutembea kwa miguu zitamfundisha ambacho kitabu chako cha hesabu hakikuweza.

Nanyi mnaoogopa kwamba atapotezwa na sauti za huko, rudini Shilo usiku ule. Samweli alisikia akiitwa, akamkimbilia Eli mara tatu, asijue ni nani. Hana alikuwa mbali, Rama, pengine amelala. Aliyetambua sauti ile ilikuwa ya nani ni mzee yule yule mwenye macho hafifu na nyumba iliyomshinda. Yeye ndiye aliyemwambia kijana namna ya kuitika. Je, huamini kwamba Bwana anaweza kumtumia mhadhiri usiyemjua?

Na kila mwaka Hana alirudi na kanzu ndogo aliyoishona. Fikirini: alikuwa akishonea mabega asiyoyaona kila siku. Ilimlazimu akadirie, aongeze kitambaa, akubali kwamba mtoto amekua bila yeye kutazama. Watembeleeni watoto wenu hivyo, mkiwa na vyakula na maombi na macho ya kupima upya.

Ila kwanza kuna kesho. Kengele ya simu yake italia saa kumi na mbili, naye hataamka. Kaa jikoni, mama. Kunywa chai yako.