Haki ya Majani ya Kando ya Njia

Njia ni mali ya watu wote, na kwa sababu hiyo kando zake huonekana kama hazina mwenyewe. Mwenye shamba huuchunga mpaka wake kwa macho mawili, lakini kipande kile cha ardhi kilicho baina ya ua wake na lami hukitazama kama kitu cha kuokota. Mmoja hufunga mbuzi hapo, wa pili hukata kuni, wa tatu hutupa taka, na wa nne, aliyeajiriwa kufyeka, hufyeka kila kilichochipuka hata ardhi ikawa kipara. Hakuna hata mmoja wao ajionaye kuwa amekosa. Je, yawezekana kumdhulumu mtu kwa kuharibu kitu kisicho cha mtu?

Wakati ilipojengwa barabara ya juu ya Nairobi, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, mugumo mmoja mkubwa kando ya Waiyaki Way ulihukumiwa kuondolewa. Umri wake ulikadiriwa kuwa kiasi cha miaka mia. Watu walinung'unika, na mwezi wa Novemba 2020 ikatolewa amri kwamba uachwe, barabara iupishe. Nilifurahi kama wengine. Walakini furaha yangu ilikuwa na doa, maana miti mingine mingi ya njia ile ile ilianguka pasipo kuliliwa. Mugumo uliokoka kwa kuwa una jina: Wakikuyu wamesali chini ya miti ya namna hiyo tangu kale, na kimo chake humlazimisha mpita njia kuinua uso. Nani atakayeinama kutazama nyasi?

Na nyasi ndizo zifanyazo kazi kubwa. Mizizi yake hushika udongo wa kingo za barabara. Zikiondolewa, mvua ya masika huuchukua udongo ule, huujaza mitaro, kisha maji hutafuta njia juu ya barabara yenyewe na kuila. Maua ya magugu yanayodharauliwa huwalisha nyuki, na nyuki hao hao huruka ua na kuzalisha maboga ya yule aliyeyafyeka.

Lakini tusidanganyane. Kichaka kilichofunika kona kinaweza kuua, na uhai wa mtoto avukaye barabara haulinganishwi na uhai wa kichaka. Kwa hiyo kuhifadhi si kuacha kila kitu kiote kipendavyo. Kona na vibao vya njia vifyekwe. Penginepo panga lingoje mpaka mbegu zimepukutika, na moto usitumiwe kabisa. Lantana, iliyotoka Marekani ya kitropiki na ambayo majani yake ni sumu kwa ng'ombe, ing'olewe kabla haijaisonga mimea ya kwetu. Mjakaranda nao ni mgeni, kutoka Amerika ya Kusini, lakini siuchukii. Nasema tu kwamba uzuri wake usitusahaulishe mkuyu na mgunga.

Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka wa 1977, alisimulia kwamba utotoni huko Ihithe, Nyeri, mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Karibu nao palikuwa na kijito. Baadaye ardhi ile ikapata mwenyewe mpya, akaukata mti apate nafasi ya kupanda chai, na kijito kikakauka. Mtu yule alikata mti uliokuwa katika ardhi yake. Maji yaliyopotea hayakuwa yake peke yake. Ikiwa mwenye hati ya shamba aweza kuwadhulumu jirani zake namna hiyo, sisi tusio na hati yoyote ya kando ya njia tuna udhuru gani?

Siku moja nilimkuta kijana akifyeka kando ya barabara ya changarawe. Alikuwa amekizunguka kichaka kimoja bila kukigusa, nami nikamwuliza kama amechoka.

"La, mzee," akajibu. "Ndani yake mna mkuyu mchanga."

Nikamwambia kwamba mkuyu ule utakapotoa kivuli, yeye huenda atakuwa hafanyi tena kazi hapo. Akacheka, akanionyesha kwa ncha ya fyekeo lake watoto waliokuwa wakirudi kutoka shuleni, madaftari vichwani kwa ajili ya jua.