Machozi ya Mwanamume na Moyo wa Mchumba Wake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na maswahaba zake.



Hapa kwetu Rwanda sote tumelelewa na methali isemayo: Amarira y'umugabo atemba ajya mu nda. Yaani machozi ya mwanamume hutiririka kwenda tumboni. Mwanamume alie ndani kwa ndani, mtu asione. Mtoto wa kiume huisikia siku anapoanguka na kuumia goti, huisikia tena siku ya msiba wa babu yake, na anapofika chuo kikuu anakuwa amekwisha kuhitimu katika kuficha. Kisha anataka kuoa. Anamkabili binti wa watu akiwa na moyo uliofungwa kwa miaka ishirini, na hajui aufungue au auache vilevile.

Ndipo linapokuja swali ambalo akina kaka hutuuliza, wengine kwa mzaha na wengine kwa dhati: nyinyi akina dada mnampenda mwanamume anayeonyesha hisia zake, au mnamdharau?

Nalijibu kama mwanamke Mwislamu ninayekaa na wenzangu katika darasa na kuwasikiliza. Wengi wetu hatumdharau mwanamume kwa kuonyesha huzuni, hofu au mapenzi. Tunachokiogopa ni hisia zinazogeuzwa kuwa deni, kwamba kwa kuwa amelia mbele yangu, basi sina tena ruhusa ya kukataa. Mambo haya mawili yanafanana kwa nje, na ndiyo maana yanachanganywa. Tuyatazame katika sira na katika Qur'ani.

Mwaka 610, Mtume (S.A.W.) alipopokea wahyi wa kwanza katika pango la Hira, alirudi nyumbani akitetemeka. Hakupitia kwanza mahali pa kujituliza ili aonekane shujaa. Aliingia kwa mkewe, Bi Khadija (R.A.), akaomba afunikwe, na hofu ilipopungua akamweleza yaliyompata na kwamba alihofia nafsi yake. Bi Khadija hakumcheka. Alimkumbusha tabia zake njema: kuunga udugu, kumbebea mnyonge mzigo wake, kumkirimu mgeni. Kisha akampeleka kwa Waraqa bin Nawfal. Tazameni mpangilio huo: mume anasema ukweli wa moyo wake, mke anatuliza, kisha wanatafuta elimu pamoja.

Miaka mingi baadaye, mwaka wa 6 Hijriya, baada ya mkataba wa Hudaybiya, Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha maswahaba wachinje na kunyoa. Kwa uzito wa huzuni yao hawakunyanyuka. Aliingia kwa Bi Umm Salama (R.A.) akamweleza yaliyomkuta. Bi Umm Salama akamshauri atoke, asiseme na mtu, achinje mnyama wake na kumwita kinyozi wake. Alipofanya hivyo, watu wakanyanyuka wakafanya vilevile. Lau Mtume angelificha dhiki ile, ushauri ule usingelipatikana.

Na alipofariki mwanawe Ibrahim, akiwa bado ananyonya, Mtume (S.A.W.) alitokwa na machozi mbele ya watu. Abdurrahman bin Awf (R.A.) alistaajabu, naye akamfahamisha kuwa machozi yale ni rehema. Basi, kaka yangu, anayekwambia kulia kunapunguza uanaume, methali anayo, lakini Sunna hana.

Sasa tuingie upande wa pili, ambao akina kaka wengi hawausomi.

Alikuwepo Madina mtu aitwaye Mughith. Mkewe, Barira, alikuwa mtumwa, na alipoachwa huru akapata haki ya kubaki katika ndoa ile au kuondoka. Akachagua kuondoka. Ibn Abbas (R.A.) ameeleza, na Bukhari amepokea, kwamba Mughith alikuwa akimfuata Barira nyuma akilia, machozi yakimtiririka hadi ndevuni. Mtume (S.A.W.) alimwonea huruma, akazungumza na Barira ili amrudie. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Mtume akamjibu kuwa yeye anaombea tu. Barira akasema hana haja naye. Mambo yakaishia hapo.

Mtume hakumkemea Mughith kwa kulia, wala hakumlaumu Barira kwa kukataa. Machozi yalikuwa ya kweli, na bado hayakumwondolea mwanamke haki yake. Kaka, ukimpenda dada akakwambia hapana, lia kwa Mola wako, lia kwa rafiki yako mwema, wala hutaonewa aibu. Lakini usimtumie ujumbe wa sauti saa saba za usiku ukisema kwamba usingizi umekukimbia kwa sababu yake, kwamba utaacha masomo, kwamba damu yako itakuwa juu yake. Huko ni kumtwika mzigo asiokuwa nao. Dada akikunyamazia baada ya hapo, usiseme wanawake hawapendi wanaume wenye hisia. Ameogopa.

Tena, machozi peke yake si ushahidi. Katika Surat Yusuf, ndugu zake Yusuf (A.S.) walirudi kwa baba yao jioni wakilia, na kilio chao kilikuwa cha uongo. Katika sura hiyohiyo Nabii Yaakub (A.S.) anahuzunika mpaka macho yake yanageuka meupe, naye anasema kwamba mashitaka yake anampelekea Mwenyezi Mungu. Sura moja imekusanya kilio cha hila na kilio cha subira. Dada yangu, ukiona mwanamume analia, usikimbilie kusema huyu ndiye. Mtazame anafanya nini akishafuta machozi. Je, anaswali? Anatimiza ahadi? Amekwenda kwa walii wako, au kila mwezi anakuletea sababu mpya?

Na wakati wa uchumba mlango ufunguliwe kiasi gani? Tuchukue mfano wa Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan akiwa mkimbizi. Aliwanyweshea wanyama wale mabinti wawili bila kuomba kitu, akaenda kivulini akamweleza Mola wake uhitaji wake. Mmoja wao alipokuja kwa haya kumwita, Musa alikwenda kwa mzee wao na kumsimulia mkasa wake wote, pamoja na kile alichokikimbia. Mzee akamtoa hofu. Baada ya hapo ndipo mmoja wa mabinti akamsifu kwa baba yake kwamba ana nguvu na ni mwaminifu. Hofu aliyoieleza haikumpunguzia sifa ya nguvu. Lakini aliieleza nyumbani kwa mzee, si kichochoroni.

Uchumba si ndoa. Mwambie mchumba wako, ndani ya mipaka na bila faragha, kama una wasiwasi wa ada ya chuo, kama kifo cha mama yako bado kinakuuma, kama hasira ni mtihani wako. Ana haki ya kujua anaolewa na nani. Mengine ya ndani zaidi yana siku yake, Inshaallah, baada ya nikaha.

Namalizia kwetu sisi akina dada, maana nasi tumelelewa na methali ileile. Tunalalamika kwamba kaka fulani ni kama ukuta, hasemi kitu. Kisha siku anayosema, mmoja wetu anaupiga picha ujumbe wake na kuutuma katika kundi la WhatsApp, na bweni zima linacheka. Kaka huyo hatasema tena, si kwetu wala kwa mke atakayemwoa kesho. Alichokuambia ni amana. Kama humtaki, mkatalie kwa upole na umsitiri. Kama unamtaka, jifunze kwa Bi Khadija jinsi ya kupokea hofu ya mwanamume bila kumfanya ajute. Na ukihisi kwamba machozi yake yanakushitua, usijilaumu. Ni mazoea ya malezi, na malezi hurekebishwa.

Mwenyezi Mungu anatufundisha katika Surat Ar-Rum kwamba ameweka baina ya wanandoa mapenzi na huruma, wapate utulivu. Huruma haipati pa kushika kwa mtu aliyejifunga kabisa, na utulivu haupatikani kwa mtu anayelazimishwa.

Ewe Mola wetu, lainisha nyoyo zetu, utupe ulimi wa kweli na sikio la huruma. Wajaalie vijana wetu ndoa zenye kheri, na uwasitiri waliokataliwa, uwape kilicho bora zaidi. Aamin.

Wabillahi tawfiq.